Simu ya Upepo ya Mzee Mizinga

Mzee Mizinga alikuwa amezeeka kila mahali isipokuwa miguuni. Macho yalitaka miwani, masikio yalitaka neno lirudiwe mara mbili, meno ndiyo usiseme, lakini miguu ilikuwa bado ya kijana anayekwenda kuposa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilimpeleka kilimani nyuma ya nyumba, mwendo wa saa nzima, hadi kwenye mizinga yake ishirini na mmoja ya nyuki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika zamani. Hata barua zilimjia kwa jina la Mzee Mizinga.

Mkewe naye alikuwa na lake. Aliitwa Bibi Tega, kwa sababu hakuwahi kumimina chai kabla ya kutega kitendawili, na wanawe wawili walijifunza kuitikia "tega" kabla hawajajua kushika kijiko. Mkubwa alikuwa nesi katika hospitali ya mjini. Mdogo, kitinda mimba, alikuwa dereva wa lori, na nyumbani walimwita Dereva tangu akiwa na miaka minne, alipokuwa akiendesha sufuria.

Mwaka uliopita, msimu wa kurina asali, mzee alianguka kule juu. Alisema ameteleza. Simu ya mkononi haishiki ukishapita jiwe kubwa lililo katikati ya kilima, basi alilala chini kwa muda wa saa tano mpaka mkata nyasi mmoja akapita na kumkuta. Bibi Tega alikuwa jikoni muda wote huo akidhani mzee anachelewa kwa ukaidi wake wa kawaida, na akamnunia. Alipokumbuka kwamba alikuwa akimnunia mtu aliyekuwa anahitaji maji, moyo ulimchoma.

Ndipo watoto walipokata shauri: mizinga iuzwe. Dereva alishampata mnunuzi, naye angekuja na gari mwisho wa mwezi. Mzee Mizinga aliposikia hakugombana. Aliinua kikombe, akanywa, akasema, "Gari liwe kubwa. Na mimi nitapanda humo."

Bibi Tega alimjua mumewe. Mzee huyo asipokuwa na nyuki wa kuwatazama angekaa barazani akitazama ukuta, na ukuta ungemla taratibu. Lakini vilevile hakutaka kuwa mjane wa ukaidi. Akakaa katikati, kama jiwe la tatu la jiko: usipokuwepo sufuria inaanguka, ukiwepo unaungua.

Nesi ndiye aliyefungua njia. Alisema walinzi wa hospitali yao wanatumia simu za upepo, zile za kubonyeza ndipo useme, nazo hazina haja ya mtandao wala mnara. Wakawekeana sharti mbele ya mama yao: wanunue mbili, moja ikae nyumbani, moja ipande na mzee. Mzee akisikika kutoka mizingani kila siku anayokwenda, mpaka mwisho wa mwezi, mizinga inabaki. Siku moja tu asiposikika, mnunuzi abebe.

*

Duka la Fundi Miwani lilikuwa jembamba, watu wanne walilijaza. Ukutani zilining'inia rimoti kama samaki waliokaushwa, na kwenye meza kulikuwa na redio iliyopasuliwa tumbo, moshi wa risasi ya kuchomea nyaya ukipanda taratibu kutoka ndani yake. Fundi alivaa miwani mbili, moja machoni na moja kipajini, na hakuna aliyemwona akibadilisha.

Nesi alikuwa amekwishasoma maandishi ya kwenye boksi moja la bei ghali. Imeandikwa kilomita ishirini, alisema, na kutoka nyumbani hadi mizin — akajikata — hadi shambani hazifiki tatu.

Fundi alicheka kwa upole. Alieleza kwamba hizo ni kilomita za karatasi, zimepimwa mahali ambapo hakuna kilima, hakuna nyumba, hakuna mti, watu wawili wanatazamana kama wachumba. Akasema yeye haulizi umbali kwanza. Anauliza katikati kuna nini, na nani atakayeshika.

Katikati kuna jiwe kubwa, wakamwambia. Atakayeshika ni huyu mzee.

"Mzee anafanya kazi gani huko shambani?"

Katika ile familia kulikuwa na mwiko mmoja mkubwa kuliko yote: nyuki hawatajwi dukani. Miaka iliyopita mzee aliisifia asali yake mbele ya kinyozi, na wiki ile ile wezi wakapanda usiku, wakachoma mizinga mitatu na kuondoka na masega. Tangu hapo, ukiwauliza watu wa nyumba ile wanafanya nini kilimani, wana jibu moja.

"Mkulima," Dereva akasema haraka. "Analima. Mikono yake inakuwa na kazi muda wote, amevaa na glavu."

Mkulima wa glavu. Fundi aliinua miwani ya kipajini, akaishusha. Aliweka ile ya boksi kubwa kando, akasema ni ya gharama bure, na tena inataka kibali. Akatoa jozi mbili: za manjano, ndogo, nyepesi kama sabuni iliyotumika, na nyeusi, nzito kidogo, zenye antena ndefu. Akawaambia wazichukue zote wakajaribu, pesa baadaye. Itakayokataa wairudishe.

Bibi Tega alimtazama sana mtu yule. Katika maisha yake alikuwa amekutana na wauzaji wengi, lakini anayekuambia usinunue ni wa kuombewa dua.

Wakati wanawe wanaonyeshwa vitufe, yeye alikuwa anaigeuzageuza ile nyeusi mkononi. Fundi alikuwa amewaeleza kwamba ukibonyeza unasema lakini humsikii mwenzako, ukiachia unamsikia lakini huwezi kumwambia neno. Bibi akatabasamu peke yake.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," duka zima likaitika, na fundi pia.

"Akisema hasikii, akisikia hasemi."

"Huyo ni Dereva," Mzee Mizinga akajibu, "ila ile nusu ya pili hana."

Walicheka mpaka Dereva mwenyewe akacheka. Ndiyo mara ya kwanza mzee kufanya utani tangu habari za mnunuzi zianze, na Bibi Tega akaweka shukrani hiyo moyoni, mahali pa kwanza.

*

Walijaribu siku ya pili. Nesi alipanda kilimani na simu zote mbili, Bibi akabaki nyumbani na zile pacha zake. Ya manjano ilisema vizuri mpaka kwenye jiwe. Baada ya jiwe ikawa inakaanga tu, kama mafuta yaliyomwagiwa maji. Nyeusi ilipita jiwe, ila kwa masharti. Jikoni haikusikika. Chumbani haikusikika. Bibi alizunguka nayo nyumba nzima kama anatafuta kuku anayeficha mayai, mpaka alipofika kibaraza cha nyuma, ubavuni mwa tangi la maji, na sauti ya binti yake ikaja safi kana kwamba yuko nyuma ya mlango. Hapo hapo akapeleka kigoda chake na kapu lake la kushonea. Ya manjano ikarudishwa dukani.

Tabu ilikuwa watu wenyewe. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumsubiri mwenzake amalize sentensi. Walibonyeza kwa pamoja, wakasema kwa pamoja, wakalaumiana kwa pamoja kwamba simu ni mbovu. Bibi akawawekea sheria. Mwenye neno aseme "kitendawili," kisha aachie kidole. Wa upande wa pili akishasema "tega" na kuachia, ndipo neno lije. Mlinzi wa ghala la mbao, ambaye simu yake ilikuwa kwenye mkondo huo huo wa mawimbi bila wao kujua, alisikiliza siku mbili, siku ya tatu akashindwa kuvumilia, akaitika "tega" na yeye. Ndivyo walivyojua kwamba simu ya upepo haina faragha, na fundi akawahamishia mkondo mwingine.

Sasa likabaki suala la glavu. Glavu za mrina asali ni nene, na kitufe cha ile simu kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Dereva akakumbuka kwamba fundi alitaja jambo: simu hiyo inaweza kuwekwa ijifungue yenyewe ikisikia sauti, usibonyeze chochote, useme tu. Dereva aliitafuta hiyo mipangilio, akaipata, akaifungua. Wakajaribu uani. Mzee akasema "nimefika", na simu ya Bibi ikasema "nimefika". Dereva alitembea siku nzima ametanua mabega.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda. Mzee alisimama njiani akishapita jiwe, akasema yuko mzima, akazima simu kuokoa chaji, akaiwasha tena wakati wa kushuka. Kisha Nesi akasema hapana, sharti ni kutoka mizingani kwenyewe, na simu isizimwe. Mzee akanung'unika, akakubali. Zilikuwa zimebaki siku nane mnunuzi aje.

Jumatano hiyo Bibi Tega alikuwa kibarazani akipinda pindo la shuka. Saa nne simu ikafunguka, na badala ya sauti ya mzee ukaja mvumo. Mvumo mnene, wa chini, usiokatika. Aliitikisa simu. Aliipuliza. Mvumo ukakatika kidogo, ukaanza tena. Alikuwa karibu kuamua kwamba simu imeharibika, na kwamba hivyo ndivyo mizinga inavyokwenda, alipotambua.

Ni nyuki. Mzee ameitundika simu kwenye mzinga, na simu inasikia nyuki wakisema, inajifungua.

Miaka arobaini na mitatu alikuwa amekula asali ya nyuki wale, na hakuwahi kuwasikia. Mzee alimkataza kupanda, kwa ajili ya magoti yake. Bibi akaweka sindano chini, akasikiliza kama mtu anayesikiliza watu wa ukoo aliowasikia kwa majina tu.

Kisha mumewe akaanza kusema. Hakuwa akisema naye.

"Tulieni, tulieni, wenyewe. Moshi kidogo tu." Bomba la moshi likakohoa. "Mwaka jana sikuteleza, mnajua nyinyi. Giza lilikuja nikiwa nimeinama hapa hapa. Ijumaa likaja tena. Na nyinyi msiende kumwambia Bibi Tega, mna midomo mingi." Kimya, nyuki tu. "Leo nalo hilo hapo linakuja. Ngojeni nikae."

Kitu kizito kikagusa mbao. Halafu nyuki peke yao.

Bibi Tega alibonyeza kitufe mpaka ukucha ukageuka mweupe. Alimwita kwa jina la utani, akamwita kwa jina la kuzaliwa ambalo hakulitumia tangu harusi. Simu ya mzee ilikuwa inasema, na inaposema haisikii. Aliyejitungia maneno hayo dukani kwa mzaha sasa aliyaonja ladha yake.

Alimpigia Nesi kwa simu ya kawaida. Yuko wodini, haipokelewi. Alimpigia Dereva, yuko safarini, mwendo wa nusu siku. Akajitanda mtandio kichwani, akachukua chupa ya maji, akaikamata simu ya upepo mkono wa pili, akapanda.

Kilima kile hakikumwonea huruma. Magoti yake yalilia kama bawaba kuukuu. Kila akisimama kuvuta pumzi aliweka simu sikioni: nyuki. Alimwambia Mungu kwamba hataki makubwa, anataka kikohozi kimoja tu. Alipolipita jiwe kubwa, kikaja. Kikohozi cha mzee, kile kikavu ambacho Bibi alikilalamikia miaka yote. Bibi akalia huku anapanda, machozi na jasho vikashuka njia moja.

Alipokaribia mizinga, simu yake ilianza kupiga ukelele mkali wa kutisha, maana ile ya mzee iliisikia hii, na hii ikaisikia ile, zikawa zinapigiana kelele zenyewe kwa zenyewe. Nyuma ya mzinga wa sita, upande ambao nyuki hawatokei, Mzee Mizinga alikuwa amekaa chini, wavu usoni, miguu ameinyoosha. Aliinua kichwa.

"Ni mnyama gani huyo?" akauliza.

"Ni mkeo," Bibi akasema, akaizima simu.

Nyuki mmoja alimchoma Bibi kwenye kiganja kabla hajakaa. Mzee alivua glavu, akaukwangua mwiba kwa ukucha, hakuubana, maana ukiubana unasukuma sumu ndani, na akaendelea kuushika mkono ule baada ya mwiba kutoka. Akanywa maji nusu chupa. Hakuuliza kwa nini amekuja. Aliitazama simu iliyotundikwa kwenye mzinga, na taa yake nyekundu iliyowaka, na uso wake ukaeleza kwamba ameelewa yote.

Alianza kwa ukali kidogo, ule wa mtu aliyefumaniwa. Alisema kama watoto watajua, basi hakuna mwisho wa mwezi, watakuja kesho. Alisema nyuki hawa ndio wanaomwamsha asubuhi. Bibi alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Naye alipata kusema jambo moja tu.

"Sitawaambia. Utawaambia wewe. Lakini ujue nimepanda hapa nikihesabu hatua za ujane, moja moja, na sitaki kuzihesabu tena."

Mzee aliuachia mkono wake, akaivaa tena glavu. Halafu akasema, "Nisaidie niinuke taratibu."

*

Aliwaambia mwenyewe, jioni ya siku ya pili, wote wawili wakiwa wameketi. Dereva alisimama, akasema basi yamekwisha, anampigia mnunuzi sasa hivi. Nesi alimvuta shati akakaa. Hakumgombeza baba yake. Alimuuliza tu anakunywa vidonge vya presha vingapi, na saa ngapi, na siku za kilimani anakunywa maji kiasi gani. Mzee akasema maji hanywi, yanazidisha mzigo wa kubeba.

Asubuhi akampeleka kwa daktari. Walirudi na habari ambazo Bibi Tega aliomba zirudiwe: hakuwa na ugonjwa mpya. Dawa ilikuwa kali mno kwa mwili uliopungua, na mtu asiyekunywa maji, anayeinama juani na kuinuka ghafla, damu inachelewa kupanda kichwani. Dawa ikapunguzwa. Maji yakawa lazima. Kuinuka, kwa hatua tatu: piga goti, ngoja, simama. Mzee alisema hiyo ni namna ya kusali, si ya kurina, lakini alifanya.

Na kwa Fundi Miwani walikwenda wote, Bibi akiwa na chupa ya asali ndani ya kapu. Safari hii alisema ukweli yeye mwenyewe, mwiko au si mwiko, mtu mwema hafichwi. Fundi alicheka mpaka miwani ya kipajini ikaanguka.

"Nyuki," akasema. "Mimi nikamchagulia simu mkulima kumbe ni mrina asali. Mngeniambia, ile ya kujifungua yenyewe nisingeitaja kabisa."

Akaizima. Akatoa sandukuni kipaza sauti kidogo chenye waya, cha kubana begani, kitufe chake kipana kama kifuniko cha chupa ya maji. Mzee akavaa glavu pale pale dukani, akabonyeza. Ikakubali. Fundi alitaka kutolipwa kwa ajili ya asali. Dereva akalipa kwa nguvu, akaomba na radhi.

Siku zilizobaki mzee alisikika kila alipopanda, akifika, katikati ya kazi, na akishuka. Aliitika "tega" akihema, lakini aliitika. Ila mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, aliwaita wanawe akawaambia mizinga tisa ya juu kabisa, ile ya kwenye mteremko mkali, aichukue mnunuzi. Kumi na miwili yamtosha mtu wa kupiga goti na kungoja.

Mnunuzi alikuja jioni, nyuki wanapokuwa wote wamelala ndani. Aliambiwa ishirini na mmoja akakuta tisa, akataka kulalamika. Dereva akamchukua pembeni, na hakuna aliyejua alimwambia nini, ila alirudi akiwa mpole. Dereva mwenyewe aliibeba mizinga ile kushuka nayo hadi kwenye gari, milango yake ya nyuki imezibwa kwa nyasi, akitembea kwa uangalifu ambao hajawahi kuuonyesha kwa mzigo wowote wa lori lake. Mzee alisimama kando. Kila mzinga ulipopita aliugonga kidogo kwa kidole. Gari lilipoondoka alimshika mwanawe bega, akasema ahsante, neno ambalo Dereva alikuwa analisubiri tangu siku za sufuria. Dereva alijifanya ana vumbi jichoni.

Usiku ule Bibi Tega alikawia kwenye sala zake. Mzee alimsikia akinong'ona na akamuuliza anaomba nini kirefu hivyo. Akamjibu haombi, anashukuru, na orodha ni ndefu: fundi wa miwani mbili, binti mwenye subira, kijana mwenye mdomo na mabega, daktari aliyepunguza badala ya kuongeza, mkata nyasi wa mwaka jana ambaye hajui hata jina lake. Na mwishoni, alisema, anayashukuru magoti yake haya, aliyoyatukana kila asubuhi, kwa kuwa siku yalipoitwa, yalipanda.